Mishale Inayokosea Pamoja

Juzi nilikuwa nababua kuku uani kwangu hapa Nyasubi, na moshi wa yale manyoya yaliyosalia ulipopanda puani nikasimama nimemshika kuku miguu, nimesahau hata mkaa unaoteketea bure. Mwanangu wa mwisho akaniuliza, "Mama, unacheka nini peke yako?" Nikamwambia namcheka kuku. Watu wengine utoto wao unanukia maziwa, wengine sabuni, wengine udongo wa mbuga ukipata mvua ya kwanza. Wangu unanukia unyoya unaoungua, na wala msinionee huruma, maana kwangu ni harufu nzuri kuliko manukato yote yanayouzwa pale sokoni.

Harufu hiyo ilitoka kibandani kwa Guku. Ndivyo tunavyomwita babu kwa Kisukuma, na huyu alikuwa baba mzazi wa Baba. Ujanani alifanya kazi Mwadui, kwenye almasi, na watu walipomuuliza alirudi na nini, alijibu kwa majivuno: blanketi, sanduku la bati, na kufuli la sanduku. Ufunguo ulipotea njiani kabla hajafika nyumbani, sanduku likafunguliwa kwa shoka, na kufuli likabaki limejifunga vilevile maisha yake yote. Usilidharau kufuli hilo. Ndilo lililomfanya awe mtu wa kufuatwa na vijiji vitatu.

Kazi ya Guku ilikuwa kulinganisha mishale. Kuchonga mishale kila mtu alijua, au alijidai kujua. Kwetu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Ibadakuli, kila mwanaume wa sungusungu alipaswa kuwa na upinde, podo na mishale isiyopungua sita, ili mwano ukipigwa, yaani ule ukelele wa kuitana ng'ombe wanapoibwa, asitoke mikono mitupu. Basi mtu anakuwa na mishale miwili aliyochonga mwenyewe, mmoja wa marehemu baba yake, mwingine aliuokota porini, na hiyo anaiita silaha. Guku aliipokea, akaipanga mkekani, akaitazama kama mwalimu anavyotazama darasa la watoro.

"Huu ni mzuri," mwenyewe angesema, akiugusa ule ulionyooka kuliko yote.

"Mzuri, lakini uko peke yake," Guku angemjibu. "Leo utakupatia shabaha, kesho utashika mwingine usiofanana nao, mkono wako uchanganyikiwe. Mpiga upinde haombi mshale mzuri. Anaomba mishale inayofanana."

Ndipo kufuli lilipoingia kazini. Guku alikuwa amechimbia chini vijiti viwili vyenye panda. Alilaza mshale juu ya zile panda, akaning'iniza kufuli katikati kwa kamba, kisha akatazama mshale umenepa kiasi gani. Nyuma ya vijiti palikuwa na ubao wenye mistari ya mkaa. Ulionepa mpaka mstari wa pili ulikwenda kukaa na wenzake wa mstari wa pili, na wa mstari wa nne ulikwenda na wa nne. Baada ya hapo aliipima uzito kwa mizani ya kijiti na makopo mawili ya samaki, akiongeza kokoto huku na kule. Mwisho kabisa ndipo alipobadilisha manyoya yaliyochakaa, akayafunga kwa ukano wa ng'ombe na gundi, akayapunguza kwa waya uliopashwa moto mpaka ukawa mwekundu. Moshi ukapanda, na mimi nikasogeza pua.

Kwa sababu mimi nilikuwa pale kila siku. Mama hakupenda. "Baba," alimwambia mkwewe siku moja, amesimama mbali kidogo kwa adabu, "huyu mtoto wa kike atakuja kuolewa na podo."

"Podo halipigi mke," Guku akasema, akaendelea na kufuli lake. Mama alificha kicheko kwenye khanga.

Sasa niwaeleze mimi ni nani, maana bila hilo hamtaelewa nilivyoharibu. Mimi ni Doto. Dada yangu Kulwa alinitangulia duniani kwa muda ambao Mama anasema hautoshi hata kuchemsha chai, lakini kwa kosa hilo dogo Mama akawa Mama Kulwa, Baba akawa Baba Kulwa, na sijawahi kusikia mtu akisema Mama Doto hata kwa bahati mbaya. Hiyo ilikuwa hasara pekee niliyopata. Mengine yote tuligawiwa sawa, kwa sababu kwetu pacha hawabaguliwi. Ukimnunulia mmoja gauni, mnunulie na mwenzake, hata kama la mwenzake halijachakaa. Ukimpa mmoja muhogo mrefu, kata ulingane na wa pili, la sivyo mmoja ataugua na lawama itakuwa yako. Kulwa alinyonya titi la kulia, mimi la kushoto. Kitandani alilala kulia kwa Mama, mimi kushoto. Nilikua nikiamini kabisa kwamba amani yote ya dunia inatokana na kulia na kushoto kupata sawasawa, na kwamba mahali popote penye ugomvi kuna mtu kapunjwa upande mmoja.

Mwaka huo Baba alirudi kutoka Geita. Alikuwa amekaa misimu miwili ya kilimo kwenye mashimo ya dhahabu, akaja na mfuko mmoja, kikohozi, na habari nyingi za watu waliotajirika ambao wote walikuwa watu wengine. Tulimrukia, mimi mkono wa kushoto, Kulwa wa kulia, akatubeba mpaka mlangoni. "Safari hii nimerudi kukaa," akamwambia Mama.

Lakini kukaa hakukuwa kwa kutaka tu. Jina lake lilikuwa limefutwa kwenye daftari la sungusungu. Mwanaume anayekosa doria misimu miwili hufutwa, na akifutwa, nyumba yake inakuwa kama haipo: ng'ombe wake wakichukuliwa, mwano unaweza kupigwa mpaka sauti ikauke na hakuna anayelazimika kufuata nyayo. Wakati Baba yupo Geita tulisitiriwa na jina la Guku, ila Guku alikuwa amezeeka, na mwaka huo naye alikuwa ameondolewa kwa heshima. Tulikuwa na ng'ombe saba. Nakumbuka Mama akiwahesabu kila jioni wakiingia zizini, na akimaliza anaanza tena.

Kamanda wa sungusungu, mtu mwembamba mwenye sauti nene, alikuja mwenyewe kutoa masharti. Anayetaka kurudishwa atakuja uwanjani siku ya mkutano, baada ya pamba kupimwa, akiwa na upinde na mishale sita. Atalenga boga kwa hatua arobaini mbele ya watu, na lazima mishale minne iingie. Akishindwa, asubiri mpaka mavuno mengine.

"Nikishindwa narudi Geita," Baba akasema Kamanda alipoondoka. "Siwezi kukaa kwangu kama mgeni, watu wananipita wakienda doria."

Mimi nikajua kazi yangu. Baba apate minne, akae.

Guku akaamua kumtengenezea mwanawe mishale mipya sita ya mti wa mkole. Yote ilinepa mpaka mstari wa tatu, na upinde wa Baba ulipenda mstari wa tatu. Manyoya yalikuwa ya tai, tuliyookota porini mahali alipofia ng'ombe wa jirani. Macho ya Guku yalikuwa yameanza ukungu, kwa hiyo akanipa mimi kazi ya kuyachambua. Unyoya wa bawa la kulia umepinda upande wake, wa kushoto upande wake. Ukiuweka kiganjani unauona bila shida. Akaniambia niweke ya kulia huku na ya kushoto kule, halafu nimpe matatu matatu kwa kila mshale, yeye ayafunge.

Hakuniambia kwa nini yatenganishwe. Wala sikuuliza, kwa sababu nilidhani najua. Watu huvitenganisha vitu ili wavigawe kwa haki. Mshale unaoruka na manyoya ya kushoto matupu, je, bawa la kulia halitaona wivu? Basi mshale wa kwanza nikampa Guku mawili ya kulia na mmoja wa kushoto. Wa pili, ili kufidia, mawili ya kushoto na mmoja wa kulia. Nikaendelea hivyo mpaka wa sita, na hesabu ikatoka sawa kabisa, tisa kwa tisa. Guku kwa kawaida angegusa kila unyoya kwa kidole kabla ya kuufunga. Siku ile mdomo wake haukufungika kwa furaha ya mwanawe kurudi, na aliniamini. Mimi nilijisikia kama nimepatanisha koo mbili.

Gundi ilichukua siku tatu kukauka. Siku moja kabla ya mkutano, mchana, tulikwenda wote nyuma ya ngitili, ile sehemu ya malisho tuliyoizungushia uzio, Baba akajaribu. Mshale wa kwanza ukatikisika hewani kama mlevi na kudondokea kulia. Wa pili ukaenda kushoto. Wa tatu ukapanda juu, ukafikiri kidogo, ukashuka. Sikuweza kuamini. Mishale mizuri vile! Baba akaikusanya, akarudia, ikawa vilevile. Akatazama mikono yake.

"Ni macho," akasema taratibu. "Giza la shimo limeniharibu macho."

Akarudi nyumbani. Nilipoingia nilimkuta anakunja shati lake na kulitia kwenye ule mfuko wa Geita, na Mama amekaa kwenye kigoda akichambua mchicha ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Nilikimbilia kibandani nikamkuta Guku ameshika mshale mmoja, anapitisha manyoya yake polepole juu ya mdomo wa chini. Midomo yake ilikuwa inaona kuliko macho. Akapitisha unyoya wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akarudi wa kwanza.

"Ng'wana wane," akaniita, mwanangu, "hebu njoo. Nani kakufundisha kuchanganya?"

"Sikuchanganya, Guku. Niligawa."

"Uligawa nini?"

"Kulia na kushoto. Ili wasioneane wivu."

Guku akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akashika nguzo ya kibanda, machozi yakamtoka, na Kulwa akaja mbio akidhani kuna mtu kafa. Mimi nilianza kulia. Guku akanikalisha karibu, akanieleza jambo ambalo angepaswa kunieleza tangu mwanzo: manyoya ya bawa moja yanauzungusha mshale upande mmoja, na mshale unaozunguka unakwenda ulikotumwa. Ukiupa mawili ya kulia na mmoja wa kushoto, huyu anavuta huku, yule kule, na mshale unakuwa na baraza la wazee mgongoni. "Haki yako ni nzuri," akasema, "ila ifanyie muhogo."

Nikamwambia tuyabandue. Hakukuwa na manyoya mengine, wala siku tatu za gundi. Mkutano ulikuwa kesho asubuhi.

Guku akainua uso kuelekea darini mwa kibanda. Huko palichomekwa mafungu ya mishale ambayo watu walimwachia kwa miaka mingi, ile aliyoikataa: mizito mno, mikavu mno, iliyopinda. "Iteremshe yote," akaniambia. "Hatutafuti mizuri. Tunatafuta sita inayokosea pamoja."

Ilikuwa arobaini na kitu. Mimi nikawa macho, yeye akawa mdomo na vidole. Kila mshale nililaza kwenye panda, nikaning'iniza kufuli, nikasema mstari. Kulwa, ambaye siku nyingine hakuweza kukaa mahali pamoja hata kwa kufungwa, alishika makopo ya mizani na hakuchezacheza. Guku alipitisha manyoya mdomoni, akasema "kulia", "kulia", "kushoto, tupa huko." Jua lilipokuwa linaelekea kwenye minyaa ya uzio tulikuwa na sita. Ilikuwa migumu kama vijiti vya kuchokonolea moto. Kufuli lilining'inia na mishale haikunepa hata kufikia mstari wa kwanza. Mshale mgumu kupita upinde wake, Guku akasema, ukipigwa na mtu wa mkono wa kulia hukimbilia kushoto. Kila mara.

Tukamvuta Baba kwa nguvu. Hakutaka. Alipiga wa kwanza kwa hasira, ukaenda kushoto kwa alama, hatua moja kamili. Wa pili kushoto, hatua moja. Akatugeukia. Wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita, yote ikajikusanya mahali pamoja kama vifaranga, hatua moja kushoto.

Guku akapiga makofi na kucheza kidogo, miguu yake ikikataa. "Umeona? Kosa moja, mishale sita. Mtu anayekosea palepale kila siku unaweza kuishi naye. Ndiyo maana mama yao hajakuacha."

Mama alimrushia mkwewe jicho, akasahau adabu, akacheka mpaka akakaa chini. Baba akarudi nyumbani, akalitoa shati mfukoni.

Asubuhi uwanja wa ghala la pamba ulijaa. Boga lilikuwa limefungwa juu ya kichuguu, na kulia kwake, hatua moja tu, palikuwa na mti wa mgunga. Kamanda alikuwa ameegesha pale baiskeli yake mpya. Ilikuwa mpya kweli, nailoni za dukani bado zimeviringishwa kwenye vyuma, na kengele yake tuliisikia kabla ya kumwona mwenyewe.

Baba alipiga hatua mbele. Nilimwona anavuta upote, nikamwona analenga boga. Nikataka kupiga kelele. Aliona aibu kulenga pembeni mbele ya watu, baadaye alikiri. Mshale ukaenda kushoto, ukapotea kwenye mabua ya mtama. Watu wakacheka. Kijana mmoja akasema, "Shimoni hakuna maboga, mwacheni!"

Baba akamtazama Guku. Guku, aliyekuwa haoni hata boga lenyewe, akaitikia kwa kichwa tu. Baba akachomoa mshale wa pili, akageuza mwili, akalenga baiskeli.

"Wewe! Wewe!" Kamanda akapiga ukelele. "Baba Kulwa! Baiskeli yangu!"

Mshale ukatoka, ukajikunja kushoto, ukaingia kwenye boga. Kisha kelele. Kabla Kamanda hajafunga mdomo, Baba akalenga baiskeli tena, usukani kabisa, na boga likapata mshale wa pili. Akina mama walipiga vigelegele, wazee wakaulizana kama ni dawa. Kamanda hakungoja wa tatu. Alitoka mbio, na sauti yake nene ikawa nyembamba. "Baiskeli hii haijamaliza hata wiki!" Akaikokota mpaka nyuma ya watu.

Baba akabaki hana pa kulenga. Alijaribu kulenga pale baiskeli ilipokuwa, lakini hewa ni hewa. Mshale wa nne ulipita juu ya kichuguu. Miwili ndani, miwili nje, miwili mkononi, na sasa yote miwili ilipaswa kuingia. Nilimwona Mama anasogeza midomo kama anavyohesabu ng'ombe.

Sijui niliamuaje. Nadhani sikuamua. Nilipenya katikati ya miguu ya watu, nikakimbia, nikasimama chini ya mgunga, mgongo kwenye mti, mikono imenyooka ubavuni. Niliijua ile mishale. Nilikuwa nimeipima mwenyewe mmoja mmoja.

"Nilenge mimi, Baba!" nikaita. "Inakwenda kushoto!"

Hakuna aliyecheka. Nilimsikia Mama analitaja jina langu, mara moja tu. Baba alikuwa ameshaweka mshale kwenye upote. Alinitazama kwa hatua zile arobaini.

"Toka hapo, Doto."

"Nilenge tu!"

Baba akainama, akalaza upinde chini, na mishale miwili juu yake. Akasimama wima, mikono mitupu.

Kuweka upinde chini ni kukubali kushindwa. Hilo hata mtoto alilijua. Uwanja mzima ulilijua, na wote wakamgeukia Kamanda aseme neno. Kamanda alinitazama mimi, akamtazama Baba, akaitazama baiskeli yake kwa huzuni ya kweli. Halafu akaishika usukani, akaikokota taratibu kwenye nyasi mpaka chini ya mgunga, akaiegesha palepale. Akanishika mkono.

"Afadhali baiskeli," akasema, akanitoa.

Baba akauokota upinde. Mshale wa tano ukaingia. Wa sita ulilipasua boga, nusu yake ikabingirika mpaka kwenye gurudumu la Kamanda, na hiyo ndiyo hasara yote iliyoipata baiskeli ile. Katibu akafungua daftari. Nilimwona anaandika jina la Baba, polepole, kwa herufi kubwa, na Mama akimwangalia mpaka akaweka nukta. Sijawahi kumwona mtu akifurahia nukta namna ile.

Nyumbani jioni ile walichinja jogoo, wakapika ugali wa mtama, majirani wakajaa. Guku alisimulia habari ya baraza la wazee mgongoni mwa mshale mara tano, na kila mara wazee wa kulia na wa kushoto waliongezeka. Ilikuwa siku ya furaha kuliko zote za utoto wangu, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya ghala la nafaka, nimenuna, nimekataa kula. Kulwa alikuja kunibembeleza akashindwa. Akaenda kusema, "Doto anakataa."

Baba akaja na bakuli la michembe ya viazi yenye karanga, akakaa chini kando yangu. Akala mmoja. Nami sikumtazama.

"Una nini?"

"Hukuniamini."

"Nani kasema?"

"Baiskeli uliilenga. Mara nne uliilenga, na hukuogopa. Ulijua inakwenda kushoto. Mimi ukakataa." Hapo nikaanza kulia kweli, kwa uchungu wa mtoto aliyepunjwa. "Ni mimi niliyeipima, Baba. Uliiamini kwa baiskeli, kwangu hukuiamini."

"Niliiamini," Baba akasema. "Nilijua itakwenda kushoto kama ulivyojua wewe."

"Sasa?"

Akatafuna mchembe mwingine, muda mrefu, kama mtu ambaye hakuwa na haraka tena ya kwenda popote.

"Baiskeli nikiitoboa, Doto, naziba pancha."

Nilikuwa na miaka tisa. Niliona ni jibu la kijinga kuliko yote niliyowahi kusikia, nikanuna siku tatu zaidi, na sikulielewa mpaka siku niliyowekewa mwanangu wa kwanza mikononi.